Kifurushi cha tangazo la sekunde 30: picha safi, ushahidi haupo

Mfanyabiashara wa Unguja au Pemba anayetaka bidhaa yake ionekane kwenye televisheni siku hizi halazimiki kuvuka bahari. Studio ndogo zipo Mjini, zina kamera nzuri na vijana wanaojua kuhariri, na zinauza kifurushi kizima: skripti, nusu siku ya kupiga picha, sauti ya msomaji mmoja, muziki, marekebisho mara mbili, na faili la mwisho lililo tayari kupelekwa kituoni. Nusu ya malipo hutangulia, nusu hulipwa wakati wa kukabidhiwa. Tunachokipitia hapa ni kifurushi cha namna hiyo kutoka studio moja. Hatuitaji jina, kwa sababu mazoea yake, mazuri na mabaya, ni mazoea ya wengi. Tumeyapima matangazo yake matatu: la halua, la sabuni ya mwani, na la juisi ya unga ya watoto. Hatukuyapima kwa uzuri tu. Tumeuliza pia: tangazo hili linasema kweli? Linaweza kumdhuru nani? Na likihojiwa, atakayejibu ni nani?

Swali la mwisho lina jibu jepesi, na limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye ukurasa wa pili wa mkataba: mteja ndiye anayewajibika kwa yote yaliyosemwa ndani ya tangazo. Wateja wengi husaini bila ya kuufikia mstari huo.

Kwanza tuwape haki yao. Kazi ya kamera ni nzuri kweli. Faili linatoka kwa ukubwa wa 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, maandishi hayakatwi pembeni kwa sababu mhariri ameacha asilimia 5 kila upande, na bahari imeachwa na rangi yake. Vijana wanafika kwa wakati. Wanajua kwamba jua la saa saba mchana linampiga mtu utosini na kumtia vivuli machoni, kwa hivyo hupiga picha asubuhi mapema au baada ya alasiri. Anayetaka kuonyesha samani, vitambaa, simu au mkahawa wake atapata alichokilipia.

Kasoro inaanzia kwenye fomu ya mteja. Inauliza jina la biashara, namba ya simu, rangi anazozipenda, kaulimbiu, aina ya muziki, na kama anataka mtu maarufu aonekane. Hakuna mahali panapouliza: haya unayotaka tuyaseme, unayathibitisha kwa nini? Pengo hilo moja ndilo linalozaa karibu kasoro zote zilizobaki.

Halua: madai matano ndani ya sentensi moja

Sekunde 30 za Kiswahili kinachosomwa kwa utulivu hubeba maneno 60 hadi 70. Ufinyu huo humsukuma mwandishi kwenye maneno mafupi yenye kishindo. Tangazo la halua linafungua hivi: "Halua halisi ya Wete! Samli safi, zafarani ya kweli, haina kemikali, nambari moja Zanzibar!" Inasomwa kwa sekunde saba hivi, na imebeba madai matano.

"Ya Wete" ni dai la mahali. Kama halua imepikwa Mjini na mtu aliyejifunza kwa Wapemba, iseme "kwa mapishi ya Wete". Wapishi wa Pemba wana haki ya jina lao, na mnunuzi ana haki ya kujua sufuria iko wapi. "Samli safi" ni dai la kiungo, na huthibitishwa kwa risiti za ununuzi na daftari la mapishi: kwa kila pishi moja, wanga kiasi gani, sukari kiasi gani, samli kiasi gani, na je, imechanganywa na mafuta ya kupikia? Ikichanganywa, hata kama ni robo tu, neno "safi" litoke. "Zafarani ya kweli" ni dai la gharama. Zafarani ni ghali kupita viungo vyote, na ile rangi ya kahawia ya dhahabu inaweza kutoka kwenye kichupa cha rangi ya chakula. Kutia rangi iliyoruhusiwa si kosa. Kosa ni kuiita zafarani na kuiuza kwa bei ya zafarani.

"Haina kemikali" halithibitishiki kwa njia yoyote, maana hata chumvi na sukari ni kemikali. Pengine mteja anakusudia kusema kwamba hakutia vihifadhi. Kama ni kweli, aseme hivyo hivyo. Na "nambari moja Zanzibar" halina chochote nyuma yake: hakuna aliyehesabu, hakuna aliyepima, na mpishi wa pili atakayejiita nambari moja atakuwa na haki sawa na wa kwanza.

Dawa yake ni karatasi iliyogawanywa katikati. Upande wa kushoto andika kila dai kwenye mstari wake, pamoja na yale ambayo hayasemwi kwa mdomo ila kwa picha. Embe linaloonekana kando ya pakiti ni dai. Koti jeupe ni dai. Mtoto anayeruka kwa nguvu baada ya kunywa ni dai. Upande wa kulia andika ushahidi: risiti, cheti, majibu ya maabara, barua ya afisi inayohusika. Mstari usio na kitu upande wa kulia unafutwa kabla kamera haijatoka kwenye mkoba. Kwa tangazo la sekunde 30 kazi hii ni ya saa moja, na ni nafuu kuliko kurudia kupiga picha.

Wenzetu walifika huko zamani. Marekani, tangu shauri la kampuni ya Pfizer mwaka 1972, msimamo wa tume ya serikali inayosimamia biashara ni kwamba ushahidi uwepo kabla ya tangazo kutoka, usije ukatafutwa baada ya malalamiko. Uingereza, skripti za televisheni hupelekwa Clearcast, kampuni inayokagua matangazo kabla hayajatoka hewani, pamoja na ushahidi wake, na watengenezaji wenye hekima huzipeleka kabla hawajapiga picha hata moja. Studio ya Mjini inaweza kuanza leo kwa kuongeza ukurasa wa tatu kwenye fomu yake.

Na halua haipotezi utamu ikisemwa ukweli. "Halua kwa mapishi ya Wete. Samli, iliki, na mkono wa mpishi anayeijua. Imepikwa leo." Hayo yanathibitishika, na yanatia hamu kuliko makelele ya mwanzo.

Sabuni ya mwani: taa ndiyo iliyofanya kazi

Mwani umekuwa ukilimwa Unguja tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wa wakulima wake ni wanawake, Paje, Jambiani na kwengineko. Tangazo linafungua na mama mmoja kwenye maji ya kupwa, ameinama anafunga mwani kwenye kamba, na mikono yake inaonekana karibu kabisa: vidole vilivyokauka kwa chumvi, fundo likikazwa mara moja kwa haraka ya mtu aliyeizoea kazi. Ni picha bora kuliko zote tulizoziona. Lakini kibali chake ni mstari mmoja tu, "nimekubali kupigwa picha", na sahihi. Hakuna muda, hakuna malipo, hakuna orodha ya pahala picha itakapotumika. Kwa karatasi hiyo sura yake inaweza kubandikwa kwenye bidhaa nyengine miaka kumi ijayo na yeye asipate hata taarifa. Kibali cha haki kinataja jina la bidhaa, vituo na mitandao itakakotoka, muda (miezi 12 ni kipimo cha kawaida), kiasi alicholipwa, na namna ya kujitoa. Kwa asiyesoma, kinasomwa kwa sauti mbele ya shahidi anayemwamini, na nakala inabaki kwake.

Kisha inakuja ile sehemu ya "kabla" na "baada", na hapa tunasema wazi kwamba tangazo hili lisingepaswa kutoka lilivyo. Katika "kabla", taa moja ya manjano imewekwa juu ya kichwa ili kila kipele kitoe kivuli chake, na kamera imepunguzwa mwanga kwa stopu moja. Katika "baada", kuna taa kubwa laini mbele ya uso, msichana amepakwa poda, na kamera imeongezwa stopu moja. Kila stopu ni mwanga mara mbili, kwa hivyo kati ya picha hizi mbili mna tofauti ya mwanga mara nne. Mabadiliko anayoyaona mtazamaji yamefanywa na taa, hayakufanywa na sabuni.

Namna ya kuifanya sawasawa inajulikana. Mtu akae kiti kile kile, miguu ya kiti na ya kamera ikiwa imewekewa alama ya tepu sakafuni. Taa ile ile, lensi ile ile, mwanga na mizani ya rangi vimewekwa kwa mkono, visiachiwe kamera ijichagulie. Kadi ya kijivu iwekwe kando ya uso katika picha zote mbili, ili mhariri yeyote aweze kuhakikisha rangi hazikusogezwa. Uso usipakwe chochote. Tarehe ziandikwe, na faili za asili zihifadhiwe bila ya kuguswa. Kama baada ya wiki nne tofauti haionekani kwenye picha za namna hiyo, basi hakuna "kabla na baada" ya kuonyesha, na skripti iandikwe upya.

Wapo wanaojitetea kwamba bidhaa yenyewe ni nzuri, picha imesaidiwa kidogo tu. Utetezi huo ulifika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1965, katika shauri la Colgate-Palmolive. Tangazo lilionyesha krimu ya kunyolea ikilainisha msasa hadi ukanyoleka mara moja. Kilichokuwa mbele ya kamera ni kioo cha plastiki kilichomwagiwa mchanga. Msasa wa kweli ungeweza kunyoleka, lakini baada ya kulowekwa kwa muda wa dakika 80 hivi. Mahakama ilikubaliana na tume kwamba kumwambia mtazamaji anashuhudia jaribio kwa macho yake, ilhali hakuna jaribio, ni udanganyifu hata kama bidhaa ina uwezo huo. Kanuni hiyo inafaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila studio.

Maneno nayo yana tatizo: "inaondoa chunusi na mabaka kwa siku saba". Sabuni ikisema inasafisha ngozi, imebaki kipodozi. Ikisema inatibu, imeingia kwenye dawa, na dawa ina milango yake. Zanzibar mambo ya chakula, dawa na vipodozi yanasimamiwa kwa Sheria namba 2 ya 2006, na afisi yake ni Wakala wa Chakula na Dawa. Mteja aende huko na lebo, orodha ya viungo na skripti kabla ya kulipa nusu ya kwanza, kwa sababu neno moja kama "inatibu" linaweza kubadilisha aina ya usajili anaouhitaji. Na yule kijana aliyevaa koti jeupe na kuning'iniza kipimo cha daktari shingoni, aondolewe. Ni muigizaji. Bibi anayetazama Micheweni hana njia ya kujua hilo, na huenda akaacha dawa aliyopewa hospitali kwa kumwamini.

La mwisho kuhusu sabuni ndilo linalotuuma zaidi. Katika "baada", msichana hakusafishwa chunusi tu, amefanywa mweupe kuliko alivyo. Sabuni haina mkorogo ndani yake, lakini picha inafundisha kile kile ambacho mkorogo unafundisha, kwamba ngozi nzuri ni ngozi nyeupe. Tunajua wasichana wanaoamini hivyo huishia kwenye krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki na kemikali ya haidrokwinoni. Zebaki hudhuru figo, na ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa 2013, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka kikomo cha miligramu 1 kwa kilo kwenye vipodozi, na baadaye nchi wanachama zikaamua hata kiasi hicho kisiruhusiwe. Kusogeza kitufe cha mwanga kwenye programu ya kuhariri kunachukua sekunde mbili. Madhara yake yanakaa kwa mtoto wa kike miaka mingi.

Maandishi ya chini yanapita kabla hayajasomwa

Tangazo hilo hilo la sabuni lina maandishi madogo chini ya skrini: "Matokeo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Usitumie kwenye jeraha. Muone daktari ukipata muwasho. Picha zimeboreshwa kwa ajili ya tangazo. Bei inaweza kubadilika bila taarifa." Ni maneno 25, na yanakaa kwa sekunde tatu. Kipimo kinachotumika Uingereza ni maneno matano kwa sekunde, kisha unaongeza sekunde mbili za jicho kuyafikia maandishi, au tatu yakiwa maneno kumi na zaidi. Kwa hesabu hiyo yangehitaji sekunde nane. Na hesabu hiyo ni ya Kiingereza, chenye maneno mafupi. Kwa Kiswahili tunapendekeza maneno matatu kwa sekunde, yaani sekunde 11 na zaidi, zaidi ya theluthi ya tangazo zima.

Usiongeze muda, punguza maneno. Picha zisipoboreshwa, sentensi inayokiri kuboreshwa inaondoka yenyewe. Bei isipotajwa, haina haja ya kinga. Yanabaki maneno 14 yenye manufaa kwa mtazamaji, yanayotosha kwa sekunde nane. Na onyo la kumuona daktari lisomwe kwa sauti pia, maana wapo wanaosikiliza televisheni huku wakiwa jikoni, na wapo wasiosoma.

Juisi ya unga, na mtoto anayetumwa kwa mama yake

Tangazo la tatu ni la rangi na nyimbo, na mtoto wa miaka sita hivi anasema, "Mama, ukinipenda ninunulie!" Sentensi hiyo inamfanya mtoto kuwa muuzaji ndani ya nyumba yake na kuyapa mapenzi ya mama bei. Tungeiondoa bila ya mjadala. Utafiti uliokusanywa na chama cha wanasaikolojia wa Marekani mwaka 2004 ulionyesha kwamba watoto walio chini ya miaka minane hawawezi kutambua sawasawa kwamba tangazo lina nia ya kuwashawishi. Wanalichukua kama habari. Jimbo la Quebec, Kanada, lilikataza matangazo ya biashara kwa watoto walio chini ya miaka 13 tangu 1980, na Sweden haikubali tangazo la televisheni linalowalenga walio chini ya miaka 12. Studio haihitaji kungojea sheria kama hizo ili ibadilishe mzungumzaji. Mama na azungumze na mama mwenzake, aseme bei na ladha, imetosha.

Embe na chungwa vinaonekana vikipasuka na kumwagika kwenye bilauri, ilhali pakiti inasema "ladha ya embe". Ladha si tunda. Ama picha ya tunda iondoke, ama neno "ladha" lisomwe na kuandikwa kwa ukubwa ule ule wa jina. Lakini kubwa kuliko hilo ni sukari isiyoonekana. Juisi ya unga nyingi huchanganywa na sukari ya mwenye nyumba, na tangazo halimuonyeshi mama akiitia. Chukua jagi la lita mbili lililotiwa gramu 200 za sukari: kila bilauri ya mililita 250 ina gramu 25. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ingefaa ibaki chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Bilauri moja imemaliza kiasi hicho, na kwa mtoto imekizidi. Katika tangazo mtoto anakunywa bilauri mbili mfululizo halafu anakimbia uwanjani. Mama aonekane akitia sukari kidogo, mtoto anywe bilauri moja pamoja na chakula, na wimbo uachane na neno "afya" kama hakuna karatasi ya kulithibitisha.

Kuhusu mtoto muigizaji mwenyewe, studio ilifanya vyema kumruhusu mama yake awepo muda wote. Lakini kibali kilisainiwa na mwalimu wake, na mtoto amevaa sare ya skuli yenye nembo. Mwalimu hana mamlaka hayo. Chini ya Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na anayemsemea ni mzazi au mlezi. Nembo nayo inafanya mambo mawili mabaya kwa pamoja: inaonyesha skuli imeiidhinisha juisi, na inamwambia mtu yeyote asiyemtakia mema mtoto huyo asubuhi anapatikana wapi.

Sauti ya saa ya kufuturu

Muulize mtu yeyote kinachomuudhi kwenye matangazo ya Ramadhani, atakwambia makelele. Adhana ya magharibi imetoka kwa sauti ya wastani, watu wameshika tende, mara tangazo linaripuka na wazee wanatafuta rimoti. Sababu yake inapimika. Studio hii inatoa faili moja kwa ajili ya televisheni na mitandao, na sauti yake iko kwenye kiwango cha LUFS −14 hivi (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyoisikia), kinachozoeleka mitandaoni. Kipimo cha televisheni kilichowekwa na umoja wa vituo vya Ulaya, kinachofuatwa na vituo vingi duniani, ni −23. Tofauti ni desibeli 9, na sikio la binadamu huhisi ongezeko la desibeli 10 kama sauti iliyokuwa mara mbili. Marekani ilipitisha sheria ya jambo hili mwaka 2010, inayotaka tangazo lisizidi sauti ya kipindi linachokikatiza.

Kurekebisha ni kazi ya dakika kumi. Programu za kuhariri zina mita ya LUFS ndani yake. Sauti yote ipimwe kwa urefu wa tangazo zima, iteremshwe mpaka −23, na vilele vya sauti visivuke desibeli −1. Mhariri asibane sauti ili ionekane kubwa, kwa sababu tangazo lililobanwa sana likiteremshwa linabaki limekauka, limepoteza pumzi ya msomaji. Yatolewe mafaili mawili yenye majina tofauti, moja la televisheni, moja la mitandao.

Kuna mengine mawili ya hewani. Tangazo la juisi lina mimemeto, yaani mwanga unaowaka na kuzimika, mitano kwa sekunde kwenye sehemu ya mwisho. Kikomo kinachokubalika ni mitatu. Japani, Desemba 1997, mimemeto ya kibonzo kimoja cha televisheni iliwapeleka hospitali watoto zaidi ya 600. Na muziki wa halua ni kipande cha taarabu kilichokatwa kutoka kwenye rekodi bila ya ruhusa. Wenye haki wapo, na mlango wa COSOZA, afisi ya hakimiliki ya Zanzibar, uko wazi kwa kibali. Sauti ya adhana na kisomo cha Qurani visitumike kuuzia kitu chochote. Hilo studio hii inalizingatia, na tunaipongeza.

Nani anunue kifurushi hiki

Zanzibar imekuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, Bara wakaja kuipata miongo miwili baadaye. Kwa muda mrefu kilichotoka humo kilikuwa sauti ya serikali, na mpaka leo mtu wa shamba akisema "nimeiona kwenye TV" anakusudia kwamba imehakikiwa. Imani hiyo ni kubwa kuliko ushahidi uliomo kwenye kifurushi tunachokipitia. Kwa duka la vitambaa, samani au simu, tunakipendekeza. Kwa chakula, tunakipendekeza kwa mteja atakayekwenda na karatasi yake ya madai na ushahidi mkononi. Kwa vipodozi, dawa za asili na vitu vya watoto, hapana, mpaka studio iongeze ukurasa wa ushahidi na ibadilishe vibali vyake.

Mteja atakayesaini adai mambo haya yaandikwe kwenye mkataba: marekebisho ya kwanza yawe ya madai, si ya ukubwa wa nembo, faili la televisheni lipimwe sauti mbele yake, vibali vya wote walioonekana akabidhiwe nakala, na picha za asili zihifadhiwe muda wote ambao tangazo linatoka. Mtazamaji naye anayetaka kulalamika aandike kituo, tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, na apige picha ya skrini. Mambo ya hewani yanakwenda Tume ya Utangazaji Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 1997. Udanganyifu kwa mnunuzi unakwenda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, kwa sheria ya 2018. Na madai ya tiba yanakwenda kwa Wakala wa Chakula na Dawa.

Ambaye tangazo lake limeshatengenezwa na lina kasoro kama hizi asikubali kuambiwa kwamba ni lazima lianzwe upya. Sauti, maandishi ya chini, mimemeto na maneno ya msomaji vinarekebishwa mezani kwa siku moja, na msomaji anarekodi upya sentensi zilizobadilika tu. Koti jeupe na ile sentensi ya mtoto vinakatwa, na nafasi yao inajazwa kwa picha za bidhaa zilizobaki bila ya kutumika. Kitakachohitaji kamera tena ni "kabla na baada", na hicho kinahitaji pia wiki nne za kungojea.